Kamshafti ya 288 na Mlima Kitonga

Siku niliyokubali kwamba nimeliharibu gari langu kwa mkono wangu mwenyewe, nilikuwa katikati ya mlima Kitonga, barabara ya kwenda Iringa, nyuma ya semi ya Zambia, basi la Mbeya likinipigia honi mgongoni na mguu wa kushoto ukitetemeka juu ya klachi. Semi ilikuwa inapanda kilomita 25 kwa saa, labda pungufu. Kwa gia namba mbili, mwendo huo unaiweka injini yangu kwenye rpm (mizunguko kwa dakika) 1,800 na ushee. Zamani, gari likiwa kama lilivyotoka kiwandani, hiyo ilikuwa inatosha kabisa: unagusa mafuta kidogo, linavuta, mnaendelea na maongezi. Siku ile lilikuwa linarukaruka kama punda aliyekataa mzigo. Nikarudi namba moja, rpm 3,000, kelele tupu, mshale wa joto unapanda. Mke wangu hakusema neno tangu Ruaha Mbuyuni, na waliooa wanajua kimya hicho kina maana gani.

Gari lenyewe ni Corolla Levin AE92 ya 1990, injini 4A-GE ya valvu 16, cc 1,587, ile ya farasi 140 kwenye rpm 7,200 kwa hesabu ya Wajapani. Gia za mkono. Kwa gari la kilo elfu moja na kidogo, farasi 140 si haba. Sikuwa na shida ya nguvu. Nilikuwa na shida ya sauti.

Ninaye binamu yangu Texas, ana pikapu ya Chevrolet yenye V8 ya 350, yaani lita 5.7. Kila Jumapili alikuwa ananitumia sauti ya lile dude likiwa sailensa, yaani limewashwa bila kukanyagwa mafuta: *gudu-gudu, gudu-gudu*, kama moyo wa mtu mzito aliyepanda ngazi. Akaniambia siri ni kamshafti tu, ule mhimili wenye nundu zinazofungua valvu, wala si kingine. Yeye kaweka yenye digrii 268, kipimo cha muda valvu inaokaa wazi, na anasema ni ya kipole, mama mkwe wake anaiendesha kwenda kanisani. Nikapiga hesabu zangu za kijinga: kama 268 ni ya mama mkwe, basi mimi kijana nitafute 288.

Nikaipata Gerezani, jozi nzima, ya kuingiza na ya kutoa, mtumba wa Japani, imefungwa kwenye gazeti lililolowa grisi. Nilipitisha ukucha juu ya kila nundu kutafuta vishimo, sikuona hata kimoja. Aliyeniuzia hakunidanganya chochote, nataka hilo lieleweke. Mali ilikuwa nzuri. Fundi kijana wa mtaani kwetu akafunga kwa siku mbili, akabadilisha springi za valvu, akaseti tapeti injini ikiwa baridi: za kuingiza kati ya milimita 0.15 na 0.25, za kutoa kati ya 0.20 na 0.30, kama kitabu kinavyotaka. Tukawasha. Lahaula! Watoto wa mtaa mzima walitoka nje. Lilikuwa linaunguruma kwa mikatomikato, likitikisa hadi kioo cha pembeni. Ukishusha sailensa chini ya 1,300 linazima, lakini nani alijali? Usiku ule nilitoka mara tatu kwenda kuliwasha bila sababu.

Jumatatu nikaingia nalo Barabara ya Morogoro kuelekea mjini.

Anayeijua foleni ya Mbezi hadi Ubungo saa moja asubuhi hahitaji maelezo mengi. Unasogea hatua kumi, unasimama, unasogea tano. Kila nikiachia klachi gari linashtuka. Nikiwasha AC, sailensa inayumba na wakati mwingine linazima. Shati linanuka petroli. Breki nazo zikawa ngumu, hasa ukikanyaga mara mbili mfululizo, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mafuta, ambayo zamani lita moja ilinipa kilomita 10 za mjini, yakawa yanatoa 7.

Nilidhani kuna kitu kimefungwa vibaya. Nikabadilisha plagi, zilikuwa nyeusi tii kama mkaa. Baada ya wiki mpya nazo zikawa nyeusi. Nikasafisha nozeli. Nikanunua sensa ya oksijeni. Fedha iliyokwenda hapo ingenilipia kamshafti nyingine. Halafu ndiyo ikaja safari ya Iringa kwenye harusi. Kila kijiji kuna kibao cha 50 na trafiki na tochi yake chini ya mwembe, na kilomita 50 kwa saa kwa gia namba nne ni rpm 1,900, mahali pale pale injini ilipokuwa inakataa. Kwa hiyo nimetoka Chalinze hadi Mikumi nikibadilisha gia kama dereva wa daladala. Kisha Kitonga. Na Iringa kwenyewe, mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kile kidogo kilichokuwa kimebaki chini kikaliwa na mwinuko. Kwenye kilima cha kuingilia mjini nilipitwa na Bajaji.

Tuliporudi nikaenda kwa mzee mmoja mwenye gereji Ilala, ambaye alikuwa akifungua injini tangu enzi za Datsun 120Y. Shikamoo, marahaba. Hakufungua boneti. Alisimama tu nyuma ya gari, akasikiliza, akatabasamu.

"Mwanangu, hili gari unashindana nalo wapi?"

"Sishindani popote, mzee. Naenda nalo kazini."

"Kazini wapi?"

"Posta."

Akacheka mpaka akaketi kwenye tairi.

Maelezo aliyonipa nimeshayarudia kwa watu wengi. Alisema silinda ni kama basi kubwa lenye milango miwili: mmoja wa kupandia, mmoja wa kushukia. Kamshafti ndiyo kondakta, inaamua mlango gani ufunguke lini na kwa muda gani. Ukiwa na abiria wanaokimbia, yaani injini inazunguka kwa kasi, lazima mlango ukae wazi muda mrefu, tena milango yote miwili iwe wazi kwa pamoja kidogo, maana wanaoshuka wanawavuta wanaopanda. Piga hesabu mwenyewe: kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo kwenye rpm 7,000 kila valvu inafunguka na kufunga mara 3,500 kwa dakika, mara 58 kwa sekunde. Muda wa kusalimiana haupo. Lakini basi likiwa limezubaa kituoni, milango ile ile ikikaa wazi muda ule ule, wenye kupanda wanapitiliza na kushukia mlango wa pili, walioshuka wanarudi ndani, na kabla mlango wa kupandia haujafungwa pistoni imeshaanza kupanda inawasukuma abiria warudi kituoni. Hiyo *gudu-gudu* uliyoipenda, akasema, ni vurugu za mlangoni.

Akafunga geji ya vakyumu, inayopima mnyonyo wa injini, kwenye bomba la hewa. Injini nzima ya aina hii hunyonya hadi inchi 18 za zebaki hivi ikiwa sailensa. Yangu ilikuwa 9, na mshale unacheza kama mkia wa mbuzi. Hapo kila ugonjwa wangu ukapata jina. Breki zinategemea mnyonyo huo kwenye busta, kile kinachousaidia mguu kukanyaga, ndiyo maana zilikuwa ngumu. Na AE92 ya aina yangu haina kipimo cha hewa inayoingia. Kontroli boksi inakisia hewa kwa sensa ya MAP, inayosoma mnyonyo. Mnyonyo ukiwa mdogo, boksi linaamini dereva amekanyaga mafuta, linaongeza petroli. Juu ya hapo, hewa inayopitiliza bila kuungua wakati milango yote iko wazi inafika kwenye sensa ya oksijeni, nayo inaripoti kwamba mafuta hayatoshi. Boksi linaongeza tena. Mimi niko nje nanunua plagi.

Nilimuuliza mbona ya binamu yangu haina matatizo hayo. Mzee akataka namba. Nikampigia binamu usiku ule, akasoma karatasi iliyokuja na kamshafti yake: 268, na mstari wa chini yake, 224. Sikujua kuna mstari wa chini. Kumbe digrii hizo hutegemea umeanza kuhesabu wapi. Wengine wanahesabu tangu valvu inapogusa kufunguka, wengine ikishanyanyuka milimita moja, Wamarekani hupenda nundu ikishanyanyua inchi 0.050, yaani milimita 1.27. Kamshafti hiyo hiyo moja inaweza kuwa na namba mbili zilizopishana digrii 44. Ukilinganisha namba ya duka hili na ya duka lile bila kuuliza wamepima wapi, unalinganisha pishi na kilo.

Na kuna ukubwa wa injini. Silinda moja ya V8 yake ina cc 716. Yangu ina 397. Injini kubwa inaimeza kamshafti kali, kwa sababu kwenye rpm 2,000 bado ina nguvu ya kumwaga. Ndogo inabaki uchi. Yake pia ni otomatiki, lile bakuli la mafuta (torque converter) kati ya injini na giaboksi linasamehe mengi. Klachi yangu haisamehe.

Mzee akanipa kazi. Akaniambia nisinunue chochote kwanza. Nichukue daftari, nimkalishe mtu pembeni, kila dakika moja aandike mshale wa rpm ulipo, wiki mbili, kwenda na kurudi. Mdogo wangu alikuwa likizo, akaifanya kazi hiyo kwa chapati na soda. Alilalamika siku ya pili ("Kaka, hii ni adhabu ya shule"), lakini alimaliza. Vipimo vilifika 700 na ushee. Juu ya 5,000 vilikuwa tisa. Tisa! Na sita kati ya hivyo niliona aibu, maana nilijua nilikanyaga kwa sababu daftari lilikuwa limefunguliwa. Sehemu kubwa ya maisha ya injini ile ilikuwa kati ya 1,000 na 2,800, mahali ambapo 288 inalala usingizi. Mpaka leo sijaona katalogi yenye msaada kama daftari lile la Counter Book.

Nilijifariji kidogo niliposoma kwamba hata viwanda vilishindwa na swali hili. Honda mwaka 1989 waliweka VTEC kwenye Integra: nundu za upole kwa chini, na nundu kali inayoshika kazi injini ikipanda. Toyota wenyewe, walipoitoa 4A-GE ya valvu 20 mwaka 1991, waliweka VVT ya kusogeza muda wa kamshafti ya kuingiza. Kama nundu moja ingeweza kufanya kazi mbili, wasingehangaika hivyo. Mwenye kamshafti ya kawaida anachagua upande mmoja na kuuaga mwingine.

Nikachagua 256. Hesabu ya mzee aliichora kwa chaki sakafuni, nayo ni rahisi: kamshafti mbili zenye muda sawa, chukua digrii za moja, toa mara mbili ya umbali kati ya kilele cha nundu ya kuingiza na cha nundu ya kutoa. Kwa umbali wa digrii 110, ile 288 inaacha valvu zote wazi kwa pamoja digrii 68 za krenki. Ile 256, digrii 36. Karibu nusu ya vurugu za mlangoni.

Ufungaji wa mara ya pili haukufanana na wa kwanza hata kidogo. Kabla ya kufunga hedi, mzee alimtuma kijana dukani kununua udongo wa rangi wa kuchezea watoto wa chekechea. Akabandika vipande juu ya pistoni, penye makato ya valvu, akavipaka mafuta kidogo visinate, akarudisha hedi na gasketi kuukuu, akafunga mkanda, akazungusha krenki kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili. Akafungua. Valvu zilikuwa zimeacha alama safi kwenye ule udongo wa bluu, kama kidole kwenye ugali. Akaukata kwa wembe pale palipobonyea zaidi, akapima unene kwa kalipa: milimita 3 na kidogo kwa valvu ya kuingiza, zaidi ya hapo kwa ya kutoa. Yeye hakubali chini ya 2 kwa za kuingiza na 2.5 kwa za kutoa, kwa sababu mkanda hutanuka na valvu za kutoa zinafukuzwa na pistoni inayopanda.

"Ile 288 mlipima ikabaki ngapi?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Nimeendesha miezi minne bila kujua valvu zangu zinapishana na pistoni kwa umbali gani.

Halafu kuseti digrii. Hili ndilo watu wengi wanaliruka, wanaamini alama za kiwandani. Mzee alikuwa na plagi kuukuu aliyoitoboa na kuichomelea boliti: unaifunga kwenye tundu la plagi, unazungusha krenki taratibu kwa mkono hadi pistoni iguse, unasoma digrii kwenye sahani, unazungusha upande wa pili hadi iguse tena, unasoma, katikati ya namba hizo ndipo pistoni iko juu kabisa. Sahani yenyewe ilikuwa karatasi ya digrii 360 iliyogandishwa kwenye CD ya zamani. Kisha geji ya mshale juu ya kikombe cha valvu, kutafuta kilele cha nundu. Karatasi ya kamshafti ilitaka kilele cha kuingiza kiwe digrii 108 baada ya juu kabisa. Kwa alama za Toyota tulipata 110. Akasema bila hata kushangaa: "Hedi hii imewahi kuchongwa." Ni kweli, aliyekuwa nalo kabla yangu aliichonga baada ya kuchemsha. Hedi ikishuka, umbali wa mkanda unapungua na kamshafti inachelewa. Tukalegeza puli za kurekebishika, tukaipeleka 106, mbele kidogo, ili mlango wa kupandia ufungwe mapema na mvuto wa chini urudi.

Liliwaka kwa mara ya kwanza, sailensa 900, vakyumu 16, mshale umetulia. Sauti? Kama Corolla. Nilihuzunika, siwezi kuficha.

Lakini nilikuwa na stopwochi na kipande cha barabara tupu alfajiri, gia namba tatu, kilomita 40 hadi 100, jambo ambalo nilikuwa nimelipima tangu gari likiwa zima. Kiwandani: sekunde 9.1. Na 288: sekunde 10.4. Na 256: sekunde 8.7. Kwa gia hiyo kilomita 100 ni rpm 5,100 tu, kwa hiyo haki isemwe: juu ya hapo 288 ilikuwa inaamka kama mtu mwingine, na ningepima 100 hadi 130 ingetushinda sote. Ila wapi Dar utapima 100 hadi 130 ukarudi nyumbani na leseni? Mafuta yamerudi kilomita 9.5 kwa lita. Breki laini. Kitonga nimepanda tena Desemba, gia namba mbili, nyuma ya semi nyingine, na safari hii mke wangu alikuwa analalamikia muziki.

Kama ningeanza upya ningeshughulikia ekzosti kwanza, kisha puli za kurekebishika peke yake na kamshafti za kiwandani, nione nimebakiwa na njaa kiasi gani. Pengine nisingefika hata kwenye 256.

Zile 288 nilimuuzia kijana mmoja wa Tegeta anayeingia kwenye mashindano. Yeye ametoa kontroli boksi la Toyota akaweka la kuprogramu, kapandisha kompresheni, kaweka difu fupi, na haendi nalo Posta. Huja mara mojamoja jioni kuazima geji ya vakyumu niliyoishia kuinunua. Namsikia tangu kona ya msikiti, *gudu-gudu, gudu-gudu*. Wa kwanza kukimbilia getini ni mwanangu, wa pili ni mimi.